Nafasi ya Vidole Viwili

Tarehe 3 Machi, Jumatatu

Leo mjukuu wangu amevishwa kofia ngumu. Ana miezi sita, kukaa bado anayumba, jino hana hata moja, na tayari ana kofia kama ya mjenzi wa maghorofa. Plastiki nyeupe nje, sponji ndani, mkanda mmoja pembeni wa kubana. Saa ishirini na tatu kila siku. Saa moja iliyobaki ni ya kuoga na kuifuta kofia kwa spiriti. Nikauliza, na kulala je? Mkwe wangu, mama yake mtoto, akasema, "Na kulala, Mama." Na kunyonya? "Na kunyonya." Kwa hiyo hata akimbusu, anabusu plastiki.

Sababu ni kichwa. Nyuma, upande wa kulia, kimebonyea, kiko bapa kama mkate uliokaliwa. Mama wa mazoezi pale hospitali anasema mtoto alizaliwa shingo imekaza upande mmoja, basi kila akilazwa uso unageukia kulekule, na fuvu la mtoto ni laini, linafuata godoro. Shingo wameishughulikia, sasa inageuka kote kama ya kuku. Kichwa ndicho hakijarudi. Daktari anasema ubongo hauna neno, ni umbo tu, na vichwa vingi hujirudi vyenyewe, ila hiki kimezidi: sikio la kulia limesogea mbele na uso umeanza kwenda upande. Akitimiza mwaka fuvu litakuwa limekaza, na hakuna kofia itakayoligeuza. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida.

Fundi kofia, yule aliyeitengeneza, ni kijana mpole mwenye vidole virefu. Aliniambia, "Bibi, utusubirie hapo nje na mabegi, chumba ni kidogo." Nikakaa kwenye benchi, miavuli mitatu inachuruzika miguuni. Mwanangu, mke wake na mtoto wakawa ndani nusu saa. Walipotoka mkwe wangu alikuwa na maelezo yote kwenye simu. Mimi nilikuwa na miavuli.

Na anayeshinda na mtoto ni nani? Ni mimi.

Wamenipa karatasi yenye vyumba vya kujaza saa. Vyumba vidogo, humo haiingii hata kwikwi. Ndiyo maana nimechukua daftari hili. Darasani sikuwahi kuingia. Herufi nilizipata mezani kwa wanangu watano, wao wakifanya kazi za shule mimi nikichambua maharage, mmoja baada ya mwingine; yule wa nne alipomaliza darasa la pili nami nikawa nimemaliza. Asiyependa mwandiko wangu akasome gazeti.

Tarehe 4

Saa ishirini na tatu. Amelia nne kati ya hizo. Mvua tena.

Tarehe 5

Jasho. Kichwa kinanuka kama kiatu cha askari. Nimemwambia mwanangu, amecheka. Kwake kila kitu ni kichekesho. Anamwita mtoto Kamanda na kumpigia saluti. Mimi namwita mume wangu, kama bibi yeyote mwenye akili, na mume wangu hana furaha.

Tarehe 9, Jumapili

Tulitoka kidogo mvua ilipopumzika. Dukani, pole. Kwa muuza mkaa, pole. Mwanamke nisiyemjua kabisa akanishika mkono, "Alianguka?" Nikamwambia hakuanguka, na wewe usipotazama mbele utaanguka.

Ngazini tukakutana na jirani wa ghorofa ya juu, mdomo wake haujui kufungwa. "Bibi, huyo anajifunza pikipiki?" Nikamjibu, "Ndiyo, na akifuzu abiria wa kwanza ni wewe, katafute kofia." Mkwe wangu alikuwa nyuma yangu amebeba mfuko. Nikamsikia akicheka kwa pua. Ni mara ya kwanza wiki hii.

Tarehe 11

Leo nimegundua kwamba fundi kofia amekosea vipimo.

Nilikuwa namrudishia kofia baada ya kuoga. Nimeibana, nikapitisha kidole pembeni kote kama ninavyopitisha kwenye ukosi wa shati. Mbele hakiingii. Kushoto hakiingii. Nyuma kulia, palepale palipobonyea, vidole viwili vimeingia na bado vinacheza. Nafasi tupu. Mtoto akigeuka ghafla kofia inayumba.

Miaka ishirini na miwili nilipiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Nguo inayopwaya naijua hata nikiwa nimefumba macho. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nikafikiri kumwambia mkwe wangu. Lakini namjua. Atatoa simu, atasoma mpaka uji upoe, kisha ataniambia, "Mama, tuwaachie wataalamu." Nikafikiri kumpigia fundi mwenyewe. Kijana wa watu, ana cheti ukutani, nilikiona mlango ulipofunguka. Kumwambia kapima vibaya ni kumvunjia heshima. Nikaona nimsitiri.

Nimetoa foronya ya zamani, pamba tupu, laini kwa kufuliwa. Tabaka nne. Nimeikata kama nusu mwezi, nikaishona kwa mkono, mishono midogo ili isimkwaruze. Imekaa humo kama imezaliwa humo. Kofia haichezi tena.

Tarehe 12

Amelala saa mbili za mchana bila kukurupuka. Ndiyo hivyo.

Tarehe 15, Jumamosi

Jumamosi na Jumapili mkwe wangu haendi kazini, na ndiye anayemwogesha. Nimekitoa kitambaa kabla hajaamka, nikakifua, nikakianika chumbani kwangu. Si kwamba naficha. Sitaki mahubiri tu.

Tarehe 17

Leo ilikuwa twende kwa fundi akague. Barabara imeliwa na maji, basi limegeuzia njiani. Wametusogeza mpaka tarehe moja mwezi ujao. Mkwe wangu akakaa kitandani na viatu vyake vya mvua, akamshika mtoto, amenuna. Kwa sababu ya barabara. Nilitaka kumwambia barabara hazina masikio, hazijui kama umenuna. Nikampa chai.

Tarehe 18

Saa ishirini na tatu. Mvua.

Tarehe 19

Saa ishirini na tatu. Mvua. Ukuta wa jikoni umeanza kuota ukungu.

Tarehe 20

Ishirini na mbili na nusu, alitapika ndani ya kofia. Nimeandika ukweli.

Tarehe 26

Mama wa mazoezi anataka mtoto alazwe kifudifudi akiwa macho, mara nyingi kwa siku, kichwa kipate nguvu na kipumzike. Mume wangu hataki. Analala pale kama kobe, kofia inagonga mkeka, ko, ko, ko, kisha anapiga ukelele.

Mwanangu alirudi mapema akajilaza naye chini, pua kwa pua. Akamwambia, "Kamanda, adui yuko chini ya kabati." Mtoto akainua kichwa chote, na kofia yake, akatafuta adui. Nilikuwa tayari kumgombeza huyu mwanangu kwa viatu vya tope ndani ya nyumba. Nikachukua tambara, nikafuta tope mwenyewe.

Mkwe wangu alipiga picha. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu mtazame kwa macho kwanza." Akanijibu taratibu, "Naipiga niitazame kazini, Mama. Nikiwa kule simuoni." Anasaga vioo vya miwani kwenye karakana, kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja, na mwezi uliopita wamempa mashine yake peke yake. Mama yake alifariki yeye hajaolewa. Simu ile ndiyo anayoiuliza mambo ambayo wengine huuliza mama zao. Hili sikuwa nimeliwaza. Bado inaniudhi.

Tarehe 1 Aprili

Tumekwenda kwa fundi. Jana nilikifua kitambaa changu na nikakiacha nyumbani. Siwezi kupeleka kitu chenye jasho mbele ya wataalamu. Mimi benchi, wao ndani. Walitoka nyuso zimeshuka.

Fundi hupima kichwa kwa mishazari miwili, kona kwa kona, halafu anatoa kipimo kidogo kwenye kikubwa; tofauti ikipungua, kichwa kinanyooka. Siku ya kwanza tofauti ilikuwa milimita kumi na saba. Leo kumi na sita. Alitarajia kumi na tatu. Kauliza kama saa zinatimia.

Njia nzima mkwe wangu hakunitazama. Nyumbani akachukua karatasi yangu ya saa akaipitishia kidole mstari kwa mstari. Nikamwambia, "Unatafuta nini humo, chawa?" Akasema, "Hakuna, Mama." Hakuna yake naijua.

Tarehe 2

Saa ishirini na tatu. Nimeiandika kwa herufi kubwa.

Tarehe 8

Saa ishirini na tatu. Mkwe wangu amepiga simu kutoka kazini mara nne kuuliza kama kofia iko kichwani. Mara ya nne nikamwambia nimeiuza.

Tarehe 15

Ameota jino. Mvua haijui kuchoka. Nguo hazikauki, nazipiga pasi mbichi, nyumba yote ni mvuke. Saa ishirini na tatu.

Tarehe 22

Nimesikia wanasemezana chumbani, mlango wazi nusu. Mkwe wangu: "Sisemi anadanganya. Nasema pengine anamwonea huruma." Mwanangu: "Mama yangu? Mama yangu hajawahi kumwonea mtu huruma, tuulize sisi watano." Alidhani ananitetea.

Nimekata vitunguu zaidi ya vilivyotakiwa.

Tarehe 28, Jumatatu

Leo nitaandika polepole.

Tulikwenda. Mimi kwenye benchi. Baada ya robo saa mlango ukafunguka na fundi akauliza, "Anayeshinda na mtoto ni Bibi? Ingia, tafadhali." Chumba si kidogo kiasi hicho. Kingenitosha tangu siku ya kwanza.

Tofauti leo ni kumi na tano. Wiki nane za kofia, milimita mbili. Mwanangu amesimama dirishani, hana kichekesho hata kimoja. Mkwe wangu amempakata mtoto, anatazama sakafu. Fundi akashika karatasi yangu, akaniuliza kwa upole, "Bibi, saa hizi ni za kweli?"

Nikamwambia, "Kijana, kwa miaka ishirini na miwili nimehesabu mashuka ya watu. Sijawahi kuandika moja likawa mawili. Nimeandika mpaka nusu saa aliyotapika. Kama saa zingekuwa za uongo ningeandika uongo mzuri zaidi."

Akatazama, akaamini. Nikaona ameamini. Ningenyamaza hapo. Lakini nilikuwa na hasira ya benchi, nikataka nami niulize, wote wasikie kwamba si mimi niliyekosea. Nikasema, "Sasa niambie wewe. Mbona kofia yako inapwaya nyuma?"

Hakukasirika. Aliishika kofia, akaigeuza nijionee ndani, akaweka vidole viwili palepale nilipoweka vyangu.

"Hiyo ndiyo dawa yenyewe, Bibi. Kofia haisukumi kichwa. Kichwa kinakua chenyewe. Huku mbele tumekizuia, huku pembeni tumekizuia, hapa tu ndipo tumekiachia mlango, kijae kilipobonyea. Pakizibwa hapa, hii inakuwa kofia ya jua."

Akaendelea kueleza. Sikumsikia. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Wahenga hao hawakuwahi kupewa mtoto mwenye kofia. Nilikuwa naona kitambaa changu kinaning'inia kwenye kamba chumbani kwangu, safi, kimepigwa pasi. Tabaka nne. Nimeuziba mlango huo kwa mikono yangu, siku tano kwa wiki, wiki saba, na kila jioni nikajisifu.

Fundi akasema labda kichwa hiki ni kigumu kugeuka, wapo wa namna hiyo. Kama mwezi huu nao ukipita hivi, atashauri tuache.

Tulipotoka, ukumbini, mkwe wangu akanishika kiwiko. "Mama, nisamehe. Nilidhani huhesabu saa vizuri." Nikasema hamna neno.

Nimefika nyumbani, nimekikata kitambaa vipande na kukitia kwenye ndoo ya taka. Kisha nimekitoa tena nikakiweka sandukuni. Sijui kwa nini. Ukiharibu kitu usiharibu na ushahidi wake, nadhani ndiyo hivyo.

Tarehe 29

Saa ishirini na tatu. Nafasi iko wazi.

Tarehe 30

Saa ishirini na tatu. Nimewaza hivi: nikae kimya, kichwa kitajaa, watafurahi, na hakuna atakayejua. Ni wazo zuri. Halina kasoro hata moja. Nimeshindwa kula.

Tarehe 1 Mei

Mvua. Nimemgombeza jirani wa juu kwa maji ya ndoo yake, na maji hayakuwa yake.

Tarehe 2

Mkwe wangu amemwambia mwanangu, mbele yangu, kwamba kosa ni lake. Eti Jumapili humvua mtoto kofia nusu saa zaidi. "Nataka kumnusa tu. Kichwa chake. Namnusa halafu namrudishia." Alisema kama mtu aliyeiba. Mwanangu akamwambia nusu saa ya Jumapili haiwezi kuwa ndiyo sababu. Akasema, "Basi ni nini? Kuna kitu. Mimi nakata vioo, najua. Kitu kisipokaa, kuna mahali mtu amekosea."

Nilikuwa nimempakata mtoto. Nilimtazama mtoto.

Tarehe 4, Jumapili

Asubuhi nimemkuta mezani anaandika barua ya kuacha kazi. Si likizo, kuacha. Ataipeleka kesho. Anasema akishinda mwenyewe na mtoto ataona kosa liko wapi, na kama halipo basi angalau atakuwa amejaribu kabla kichwa hakijakaza. Amefuta neno "naomba" mara mbili, hajui kama mtu anayeacha kazi huomba.

Nikaenda chumbani. Nikatoa vile vipande sandukuni, nikaja nikaviweka juu ya barua.

Akauliza, "Hiki nini, Mama?"

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema nilivyoingiza vidole, nilivyodhani fundi kakosea, nilivyoshona, nilivyokitoa kila Jumamosi asijue. Nilisema, "Nilijua kwa fundi Jumatatu. Leo ni Jumapili. Siku sita nimenyamaza, na hizo sikuzikosea kwa kutojua. Nimezikosea kwa woga."

Alivipanga vipande juu ya meza, kimoja kimoja, mpaka nusu mwezi ukarudi. Akapitisha ukucha juu ya mishono.

"Umeshona kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Midogo hivi."

Nikasema ili isimkwaruze.

Hapo ndipo alipokasirika. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Wiki saba, Mama. Nilikuwa nalala nikihesabu. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungetoa simu."

"Ningetoa. Na jibu lingekuwemo."

Jibu lingekuwemo, kweli. Mwanangu akatoka bafuni na mtoto begani, akatutazama, akaona vile vipande, akarudi bafuni. Hajawahi kufanya jambo la busara kama lile.

Nikamwambia, "Mtafutie mtoto mtu mwingine, sitanuna. Nitakuwa napika. Lakini kazi usiache kwa kosa ambalo si lako." Akachukua barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akavaa koti akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Alirudi baada ya saa nzima, amelowa, akamchukua mtoto akaenda naye chumbani.

Tarehe 5

Mwanangu ameomba ruhusa kazini, ameshinda na mtoto. Mimi nimepika. Hakuna anayenisemesha isipokuwa mume wangu, na yeye hajui maneno.

Tarehe 6

Mwanangu tena. Kambana mkanda vibaya, nimeuona toka mlangoni. Nikasema, "Mkanda." Akaurekebisha.

Tarehe 7, Jumatano

Asubuhi mkwe wangu alisimama mlangoni kwangu amevaa tayari. Akanipa mtoto. Kisha akaikamata kofia kwa mikono miwili, akaniambia niingize kidole kila mahali, na kila mahali akaniambia kazi yake: hapa pamezuiwa kwa sababu hii, hapa pameachwa kwa sababu hii, sponji hii atakuja kuipunguza fundi kichwa kikikua. Dakika kumi. Basi likampita.

"Haya yote niliambiwa siku ya kwanza," akasema. "Ulikuwa nje na miavuli. Nilitaka kukueleza, nikajiambia hutasikia, ndio kwanza tutagombana."

"Tungegombana," nikasema.

"Tungegombana, na ungejua."

Bado ana hasira nami, iko machoni, haijahama. Lakini amekwenda kazini, na mtoto ameniachia. Barua sijui iko wapi, sijauliza.

Tarehe 8

Saa ishirini na tatu. Amepiga simu mara moja tu.

Tarehe 13

Vidole viwili vinaingia bado, lakini havichezi.

Tarehe 16

Mvua imepungua. Jirani wa juu kauliza pikipiki imefika wapi. Nikamwambia imepasuka tairi.

Tarehe 21

Mkwe wangu amemwambia fundi kwenye simu kuhusu kitambaa. Nilikuwa nimekaa hapohapo, amenitaka nikae. Fundi akasema kuanzia sasa anayeshinda na mtoto ndiye ataingia kwanza chumbani. Mkwe wangu alipokata simu akasema, "Hata yeye ana kosa lake." Nikasema lake ni dogo. Akasema, "Lake ni dogo, langu la kati, lako ndilo kubwa." Tukacheka kidogo, kama watu wanaojaribu viatu.

Tarehe 26, Jumatatu

Kumi na moja.

Sikulia. Kuna vumbi katika kile chumba.

Tarehe 7 Juni

Anatambaa. Anatambaa kinyumenyume, anafika chini ya kitanda na kunilaumu mimi. Kidole kimoja kwa shida.

Tarehe 18

Joto limerudi, na jasho pamoja nalo. Namfutia kofia mara mbili. Hakuna mvua ya kuandika.

Tarehe 30, Jumatatu

Leo kofia imemaliza kazi. Kichwa kimekua, sponji imepunguzwa mpaka hakuna la kupunguza. Tulikuwa ndani wote wanne, mimi nimepewa kiti.

Tofauti ni milimita nane. Sikio limerudi kwake. Uso umenyooka. Nyuma kulia pamejaa, ila si pote. Ukimtazama toka juu unapaona. Fundi akasema bila kuficha: kama zile wiki saba zisingepotea, pengine tungekuwa kwenye nne au tano. Akasema tunaweza kuagiza kofia ya pili, miezi miwili mingine, pengine ikatoa mbili au tatu za kumalizia, pengine isitoe, maana fuvu linakaza na mtoto sasa hatulii. Kwa afya haina ulazima. Ni hiari yetu.

Mwanangu akamtazama mke wake. Mke wake akanigeukia mimi.

"Mama, wewe unasemaje?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nalo tangu Mei. Agizeni. Agizeni hata ya tatu, nitamfuta jasho usiku na mchana, nitahesabu dakika, mpaka milimita zangu zirudi zote. Nikafungua mdomo kulisema.

Mtoto alikuwa sakafuni, kichwa wazi, nywele zimelala kwa jasho. Alikuwa amekishika kiti cha fundi kwa mikono miwili anajivuta asimame. Akaanguka kwa makalio. Akajivuta tena. Alikuwa anakisugua kichwa kwenye kitambaa cha kiti, huku na huku, kama paka, anafurahia tu kwamba kinagusa kitu.

Nikawaambia, "Hiyo ya pili haitakuwa yake. Itakuwa yangu. Msimvalishe mtoto kofia ya kosa langu."

Kisha mkwe wangu akachukua begi, akamwambia fundi, "Umemsikia Mama." Alipopita nyuma ya kiti changu aliweka mkono begani kwangu, akauacha hapo mpaka nikasimama.

Jioni nimemwogesha mimi. Nimemmiminia maji kichwani bila kutazama saa. Nyuma kulia kiganja changu kinapata mahali pake, padogo, kama alama ya dole gumba kwenye unga. Nywele zitaota, na watu hawatajua. Nimemwambia, hapo ni pangu, mume wangu, na siku utakapouliza usimuulize mama yako, niulize mimi, nitakwambia yote. Hakusikiliza hata neno. Alikuwa anajaribu kula sabuni.